Magofu ya Yorkshire: wale wamonaki walikuwa nani, hela walitoa wapi, na nani aliwafungia?

Kila baada ya muda picha za Fountains Abbey, gofu la monasteri huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zinazunguka kwenye magrupu, unazijua zile, kuta ndefu za mawe hazina paa, nyasi za kijani zimekatwa vizuri katikati ya kanisa, na chini yake mabishano ni yale yale. Mmoja anasema lilipigwa na Mjerumani, mwingine anasema hao ni Wavikingi, wa tatu anakuja na ile ya mfalme Henry VIII kunyimwa talaka akaamua kubomoa makanisa kwa hasira. Cha kuchekesha wote watatu wana kipande cha ukweli, ila wamekibandika pasipo pake. Halafu kuna lile swali ambalo naona ndiyo la maana kuliko yote na huwa halijibiwi: jamaa wa kusali tu, waliojificha kwenye mabonde huko, walipata wapi hela ya kujenga majengo makubwa namna ile?

Jibu fupi ni kwamba walipewa ardhi ili wasali, na ardhi ikaota sufu. Jibu refu ndiyo hili.

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina maana hapa ndipo watu wanapochanganya. Mmonaki ni mtu aliyeweka nadhiri ya kukaa kwenye nyumba moja maisha yake yote, chini ya kanuni, hana mali yake binafsi, na wengi zamani hawakuwa hata mapadri. Nyumba yenyewe ndiyo monasteri, ikiwa kubwa na inaongozwa na abate inaitwa abasia, ikiwa chini ya hapo inaongozwa na mkuu anayeitwa priori na nyumba nayo inaitwa hivyo hivyo. Wale mliofika Peramiho au Ndanda picha mnayo tayari, wale ni Wabenedikto, wanaishi kwa kanuni ile ile ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 ambayo ndiyo ilitumika na huko Yorkshire. Halafu kuna kanoni, hawa ni mapadri wanaokaa pamoja kwa kanuni ya Augustino, nao wanaruhusiwa kutoka kwenda kuhudumia parokia. Na kuna ndugu ombaomba, Wafransisko na Wadominiko na wenzao, hawa walikuja karne ya 13 na wao walitaka mjini penye watu, York ilikuwa nao wa kutosha. Kwahiyo ile hadithi ya Robin Hood, yule jambazi wa ngano za Kiingereza, kupigana na "fraya" (yaani ndugu ombaomba) wa Fountains haikai sawa, Fountains ilikuwa ya wamonaki, ndugu ombaomba hawakuwa na makazi pale. Na lile kanisa kubwa la York Minster ambalo watu wanaliweka kwenye listi ya abasia, halikuwa monasteri, lilikuwa na kanoni wa kanisa kuu wenye nyumba zao na mapato yao kila mtu kivyake.

Yorkshire yenyewe ndiyo ilikuwa kaunti kubwa kuliko zote Uingereza, ina milima, mabonde yenye mito, na sehemu kubwa za kaskazini zilikuwa zimeharibiwa vibaya na majeshi ya William Mshindi, yule wa Normandi aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070. Vijiji vilichomwa, watu walikufa njaa. Liweke hilo kichwani maana ndiyo sababu mojawapo miaka 60 baadaye mabwana walikuwa na ardhi ya kugawa.

Sasa kwanini mtu agawe ardhi bure? Sio bure. Mkatoliki yeyote anaelewa kutoa nia ya misa kwa ajili ya marehemu wake, sasa chukulia kila bwana mkubwa anaamini kabisa, bila mashaka hata kidogo, kwamba akifa ataenda toharani kusafishwa na muda wake kule unapungua kwa sala za walio hai. Yeye ni mwanajeshi, ameua, amepora, hana muda wa kusali mara nane kwa siku. Anafanyaje? Anatafuta watu ambao kazi yao ni hiyo, anawapa bonde, msitu na malisho, na kwenye hati anaandika kwamba ni kwa ajili ya roho yake, mkewe, wazazi wake, na mara nyingi ya mfalme pia. Wamonaki wanakaa pale vizazi na vizazi wakimuombea. Walter Espec alitoa ardhi ya Rievaulx kwa mtindo huu mwaka 1132, na kabla ya hapo alishawapa kanoni eneo la Kirkham. Unaweza kuona ni unafiki, mimi sioni hivyo, kwao ilikuwa ni kitu halisi kama sisi tunavyokatia bima.

Ila stori haianzii 1132, inaanzia Whitby, juu ya jabali linalotazama bahari. Mwaka 657 pale ilianzishwa monasteri ya wanaume na wanawake pamoja, na bosi wa wote alikuwa mwanamke, abesi Hilda. Mwaka 664 pale pale ndipo kikakaa kikao cha kuamua Pasaka isherehekewe lini, kwa hesabu ya Roma au kwa hesabu ya wamonaki wa Kiayalandi, mfalme Oswiu akaamua ya Roma. Na ni kwenye monasteri hiyo mchunga ng'ombe mmoja, Caedmon, akaanza kutunga tenzi za dini kwa Kiingereza cha kale, ndiye mshairi wa kwanza wa lugha hiyo tunayemjua kwa jina. Hapa ndipo mtu wa Wavikingi ana haki yake, maana karne ya 9 walipoivamia nchi nyumba ile ikafa. Lakini magofu unayoyaona Whitby leo sio ya Hilda, ni ya abasia ya pili iliyofufuliwa baada ya 1066. Na mtu wa Mjerumani naye tumpe chake, Desemba 1914 meli za kivita za Ujerumani zilipiga mabomu mji ule na upande wa magharibi wa abasia ukaumia. Ila lilikuwa gofu tayari muda mrefu.

Twende kwenye ugomvi uliozaa Fountains, maana ni mtamu. Mjini York kulikuwa na abasia ya St Mary's, Wabenedikto, tajiri kuliko zote kaskazini. Mwaka 1132 kuna kundi ndani likaanza kulalamika kwamba maisha yamekuwa laini mno, chakula kizuri, nguo nzuri, maongezi mengi, kanuni imebaki kwenye karatasi. Wakati huo huo Wasitoo walikuwa wamepita kuelekea Rievaulx, hao ni tawi jipya lililoanzia Cîteaux Ufaransa, kanzu zao nyeupe za sufu isiyotiwa rangi, hawataki kodi wala zaka, wanataka kulima wenyewe. Yaani ndiyo walokole wa enzi zile. Askofu mkuu Thurstan akaenda St Mary's kusuluhisha mwezi wa kumi, ikawa vurugu, akalazimika kuondoka na wale walalamikaji chini ya ulinzi wake. Tarehe 27 Desemba akawapeleka wamonaki 13 kwenye bonde la mto Skell, katikati ya baridi, hakuna nyumba, hakuna shamba, wakajibanza chini ya miamba na miti.

Njaa ikawapiga kwelikweli. Kumbukumbu yao wenyewe inasimulia kwamba walifika kuchemsha majani ya mti waliokuwa wakijikinga chini yake. Siku moja mtu akaja kuomba mkate, ndani imebaki mikate miwili na nusu kwa nyumba nzima, abate akasema apewe mmoja. Muda sio mrefu likaja gari la mikate limetumwa na bwana wa ngome ya Knaresborough aliyesikia hali yao. Ukiamini ni muujiza sawa, ukiona ni jirani mwema aliyepata habari pia sawa. Kilichowaokoa kabisa ni kwamba mwaka 1135, walipokuwa wanafikiria kuhamia Ufaransa, Hugh aliyekuwa dekano wa York, yaani mkuu wa wale kanoni wa kanisa kuu, alijiunga nao akaja na mali zake na vitabu vyake. Hata maskini wa hiari wanahitaji mtaji.

Na baada ya hapo wakapaa. Rievaulx chini ya abate Aelred (1147 hadi 1167) inasemwa na mmonaki aliyeandika maisha yake kwamba ilifika wamonaki 140 na mabruda na watumishi 500, siku za sikukuu kanisani wamejaa kama nyuki. Bonde lenyewe jembamba mpaka kanisa lao halikuweza kuelekea mashariki kama desturi, likabidi lilale kaskazini kusini. Kutoka Fountains zikazaliwa nyumba nyingine, mojawapo Kirkstall ya mwaka 1152 ambayo leo imemezwa na jiji la Leeds, mashabiki wa Leeds mkienda kuangalia mechi mnaweza kuiona bila kusafiri.

Hao mabruda ndio watu wasiotajwa kwenye picha nzuri, na bila wao hakuna Fountains. Mmonaki wa kwaya aliamka usiku wa manane kusali, akarudi kanisani tena na tena mpaka jioni, sasa huyo atachunga kondoo saa ngapi? Kwahiyo Wasitoo wakapokea wanaume wa kawaida wasiojua kusoma, wakaweka nadhiri, wakafuga ndevu, sala zao fupi za kukariri, na kazi yao ni mikono. Walikaa upande wao, walikula upande wao, hata kanisani walikuwa na sehemu yao. Pale Fountains ukiingia lile jengo refu la magharibi lenye dari la matao ya mawe, urefu kama mita 90, ambalo kila mtalii anapiga picha, umesimama kwenye stoo na bwalo la mabruda, juu yake ndipo walipolala. Wengine walikaa mbali kwenye mashamba ya abasia, siku za kutembea kwa mguu kutoka kanisani. Na tusiwapambe sana, ardhi haikuwa tupu muda wote, Wasitoo wa Byland walihamisha kijiji kizima ili wao wapate utulivu.

Kwenye mashamba hayo kulikuwa na kondoo, maelfu kwa maelfu, na sufu ya Uingereza ndiyo viwanda vya nguo vya Italia na Flanders vilikuwa vinaigombania. Karne ya 14 mtu wa benki wa Florence, Francesco Pegolotti, aliandika orodha ya bei akaweka monasteri za Uingereza moja moja, kila moja inatoa magunia mangapi kwa mwaka na ubora gani, Fountains kaiandikia magunia 76, Rievaulx 60. Gunia moja la sufu lilikuwa kama kilo 165, kwahiyo Fountains peke yake ni tani 12 na ushee kila mwaka. Watu waliokimbia utajiri wa York wakawa wanajulikana kwa jina Florence! Na sio hao tu, wamonaki wa Meaux upande wa mashariki walianzisha bandari yao ndogo mdomoni mwa mto Hull, mfalme Edward I akaitamani akainunua mwaka 1293, ndiyo huo mji wa Hull mnaousikia kwenye mpira.

Hapa watu huwa wanashangaa wakisikia kwamba abasia hizo hizo zilizama kwenye madeni. Ila mtu wa Kagera hatashangaa, maana ni butura tupu. Unauza kahawa ikiwa bado maua, mnunuzi anakupa hela leo kwa bei yake, mvuno ukija mbaya wewe ndiye unayebaki na deni. Wamonaki walifanya hivyo na sufu, waliwauzia Waitaliano mzigo wa miaka kadhaa mbele wakachukua hela wakajengea, halafu miaka ya 1270 na 1280 ugonjwa wa ngozi ukaingia kwa kondoo. Fountains ikashindwa kupeleka mzigo. Mwaka 1274 mfalme akaweka msimamizi wake pale, mwaka 1291 akaweka tena, na deni lilikuwa limevuka pauni 6,000, hela ambayo kwa wakati ule ni ya kutisha. Karne ya 14 ikawaongezea mengine, Waskoti walishuka wakapora, mwaka 1322 walimpiga Edward II karibu kabisa na Byland mfalme akakimbia akaacha vitu vyake, kisha 1349 ikaja tauni. Meaux ilikuwa na wamonaki 42 na mabruda 7, wakabaki hai wamonaki 10. Abate na wamonaki watano walikufa siku moja. Baada ya hapo mabruda wakapotea karibu kabisa, ukiwa kijana mwenye nguvu kwanini ukafunge nadhiri wakati vibarua wamekuwa adimu na mishahara imepanda, abasia zikaanza kukodisha mashamba na kula kodi, kitu ambacho Wasitoo wa kwanza walikikataa.

Ila usidhani wote walikuwa namna hiyo. Mount Grace, iliyoanzishwa 1398, ilikuwa ya Wakartusi, hawa kila mmoja ana kijumba chake cha ghorofa na kibustani chake na choo chake na maji ya bomba, anasali na kufanya kazi peke yake, wengi wao kunakili vitabu. Chakula kinapitishwa kwenye tundu la ukutani lililopinda kona, hivyo anayeleta na anayepokea hawaonani uso. Watu wanacheka kwamba ni jela ya hiari, lakini hii ndiyo nyumba ambayo mpaka mwisho watu walikuwa wanapanga foleni kuingia.

Na masista? Yorkshire ilijaa nyumba zao, karibu zote ndogo na maskini, wahisani waliwapa wanaume mabonde wao wakapewa vipande. Wengine walipelekwa humo na familia wakiwa wadogo. Kuna barua ya mwaka 1318 kwenye rejista ya askofu mkuu Melton wa York inayomhusu sista mmoja, Joan wa Leeds, wa nyumba ya St Clement hapo York. Joan alijifanya mgonjwa, akajifanya amekufa, akashirikiana na wenzake wakatengeneza sanamu la mfano wa mwili wake likazikwa kwenye ardhi takatifu, yeye akatoroka, akasikika yuko Beverley. Askofu mkuu amekasirika kweli kwenye ile barua, anataka arudishwe, anasema amefuata tamaa za mwili. Mimi nawaza tu hao wenzake waliobeba lile sanamu wakasimama kaburini wanalia.

Sasa Henry VIII. Ndiyo, kuvunjika kwa ndoa na kugombana na Papa kulimfanya mwaka 1534 ajitangaze mkuu wa Kanisa la Uingereza, na hapo akapata mamlaka juu ya monasteri. Lakini talaka alishaipata 1533, hakuhitaji kubomoa kitu kwa ajili ya hiyo. Alichohitaji ni hela. Mwaka 1535 mapato ya kila nyumba yakaandikwa, yaani kama sensa ya mali, mwaka 1536 ikapita sheria ya kufunga nyumba zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Wakaguzi walipita Yorkshire wakakusanya umbea wa zinaa na uvivu, mwingine ulikuwa kweli, ila angalia kipimo chenyewe, kama tatizo ni dhambi mbona mstari umechorwa kwenye pauni? Masista wale maskini ndio walioanguka kwanza, ingawa wengine walilipa wakaachwa kwa muda.

Na sio kweli kwamba wananchi walikaa kimya. Oktoba 1536 kaskazini ikalipuka, wakulima, mabwana wadogo, mapadri, kiongozi wao mwanasheria Robert Aske, wakaichukua York, wakarudisha baadhi ya wamonaki majumbani kwao, wakafika Doncaster wakiwa kama watu 30,000. Mfalme hakuwa na jeshi la kuwazidi, akaahidi kuwasikiliza, wakatawanyika. Zilipotokea fujo ndogo mwanzoni mwa 1537 akapata kisingizio. Aske akanyongwa York mwezi wa saba. Abate wa Jervaulx, Adam Sedbar, ambaye waasi walipomfuata kwanza alikimbia akajificha mlimani, naye aliuawa London, jina lake alilochonga kwenye ukuta wa gereza la Tower bado linasomeka. Baada ya hapo abasia kubwa hazikuhitaji hata sheria, zilisaini zenyewe. Fountains ilisaini 26 Novemba 1539, abate wake wa mwisho Marmaduke Bradley akapewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka, wamonaki wake kidogo kidogo. Kwahiyo picha ya wamonaki kuchinjwa wote na wanajeshi sio sahihi, wengi walipewa pensheni na wengine wakawa mapadri wa parokia. Walioumia ni waliopinga, na wale watumishi na maskini waliokuwa wakila mlangoni pale ambao hakuna aliyewaandikia pensheni.

Paa zilienda wapi? Risasi. Paa za makanisa zilifunikwa kwa madini ya risasi na risasi ilikuwa hela, wakabomoa kwanza paa, wakaiyeyusha papo hapo kwa kuni za mbao za kanisa, wakapiga mhuri wa mfalme. Kengele nazo zikayeyushwa. Ukishaondoa paa mvua ya Yorkshire inamaliza kazi. Pale Rievaulx ukuta uliwahi kuanguka juu ya mapande manne ya risasi yenye mhuri wa Henry, yakalala chini ya kifusi karibu miaka 400 mpaka yalipochimbuliwa miaka ya 1920, na sehemu yake ikatumika kukarabati dirisha la kale la Five Sisters la York Minster. Mawe yakauzwa na kuibwa, pale Fountains mtu mmoja alijijengea jumba la kifahari getini kwa mawe ya abasia. Nyumba zilizopona ni zile ambazo wanakijiji walikuwa wanasali humo, Selby kanisa zima, Bolton nusu, Old Malton kipande. Na Wabenedikto wenyewe walirudi Yorkshire mwaka 1802, wako Ampleforth.

Imebaki moja, ya mahandaki. Kila kijiji chenye gofu kina mzee atakayekuapia kwamba kuna njia ya chini kwa chini kutoka kwa wamonaki kwenda kwa masista, na babu yake aliingia. Mahandaki yapo kweli, yamejengwa kwa mawe safi, mtu anapita ameinama. Wamonaki walichagua kukaa mtoni kwa sababu, maji ya juu ya jikoni, ya kati ya kuoshea, na ya mwisho yalipitishwa chini ya jengo refu la vyoo lenye viti vimepangwa mstari, yakibeba kila kitu kurudi mtoni. Babu alipita kwenye mfereji wa choo.